Ijumaa Kuu Kengele Ilipolia

Tangu niache kazi, wasichana walioshika chumba changu cha kufulia wanakuja nyumbani kwangu kila mara kuniuliza mambo. Mama Selestina, doa la mawese linatoka namna gani? Mama Selestina, kitambaa cha altare kimegeuka manjano. Wanakuja saa ambayo mwanamke wa umri wangu analala. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kwa masista hao hao, basi asiyependa mwandiko wangu aache kusoma arudi kufua.

Sitaandika habari za nani alipandishwa cheo. Chumba cha kufulia hakina cheo. Kuna anayefua na kuna anayengojea nguo.

Niliingia pale Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, mimi nimeolewa juzi juzi tu. Ilikuwa shule ya wasichana, ya masista, na wengi wa wanafunzi walilala hapo hapo. Ilisimama upande wa kuume wa mto, juu kidogo ya maji, si mbali na wale wavuvi wa maporomoko. Ukisimama uani penye kamba za kuanikia unaona mto wote mpaka Lubunga, ng'ambo. Bwana wangu Bernardo alifanya kazi huko Lubunga, kwenye depo ya reli, kutengeneza breki za mabehewa. Jumatatu alivuka kwa mtumbwi, Jumamosi alirudi. Sikuona ubaya. Mwanamume akishinda nyumbani kila siku anaanza kufunua sufuria.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mama Tekla, mtu wa Yahuma, mfupi, mwenye mikono kama ya seremala. Siku ya kwanza hakunipa nguo. Alinipa pasi ya makaa, tupu, bila moto, akaniambia nipige pasi meza. Nilipiga meza asubuhi nzima. Mchana akaja, akatazama mkono wangu, akasema, "Bon. Sasa mkono inajua uzito. Kesho tutaweka moto." Wasichana wa leo wanashika pasi ya umeme huku wanatazama dirishani. Halafu wanakuja kwangu na shati lenye alama ya pembetatu mgongoni.

Siku hiyo hiyo nilitaka kumwaga beseni moja kwenye mfereji. Yalikuwa maji ya kwanza ya vile vitambaa vinavyopangusa kalisi, kikombe cha misa. Mama Tekla alinishika mkono maji yakiwa hewani.

"We mutoto, unajua ile maji imegusa nini?"

"Sijui, Mama."

"Kama haujui, beseni chini."

Maji hayo yamegusa Damu ya Bwana, kwa hiyo humwagwa kwenye udongo mahali pasipokanyagwa na mtu. Kwetu ilikuwa nyuma ya kikanisa, kwenye shina la ua jekundu. Mpaka leo ni pale pale, na mwenye kufikiri ni ushirikina aende akafue hotelini.

Wa pili wa kumjua ni Papa Yowane, mlinzi wa lango na mgonga kengele. Zamani alikata miti ya kampuni fulani, na gogo lilimwangukia bega. Kwa hiyo aligonga, saa sita mchana na jioni, kwa namna yake: tatu, anapumzisha bega, tatu, anapumzisha, tatu tena. Mwishoni kamba ilimteleza na kengele ikatoa sauti moja ndogo ambayo hakuitaka. Watu waliita sauti ile kikohozi cha Yowane. Wanawake wa Lubunga walikuwa mashambani, wakisikia ile sauti ndogo wanacheka, wanasema, "Yowane amekohoa, tuende tukapike." Maji yanabeba sauti vizuri saa ya jua kali, mto ukiwa umetulia.

Uhuru ulikuja. Tuliimba kama wengine. Mama Tekla aliuliza kama sasa nguo zitajifua zenyewe. Mwaka uliofuata alirudi kwao akaniachia pasi yake na msumari wa kutundikia ufunguo. Nikawa peke yangu na msaidizi mmoja, na binti yangu Veronika alikuwa anakimbia kati ya vikapu.

Halafu waasi wakachukua mji, na baadaye wanajeshi wakashuka kutoka angani, wengine wakaja kwa barabara. Sitaandika niliyoyaona. Nilizifua nguo za siku zile, na hilo linatosha. Masista wazungu, wengine tuliwazika, wengine wakapanda ndege. Aliyeachiwa funguo alikuwa Sista Adela, mweusi kama mimi, kijana, mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kuongoza hata jikoni. Waliomwachia funguo walimwambia neno moja: kila kitu kibaki kama kilivyo.

Naye alilishika. Shule ilipofunguliwa tena, alipiga filimbi ya mstari saa zile zile, akapanga sahani upande ule ule, akakagua kucha kama alivyokagua yule mkuu mzungu aliyekufa. Alitembea na funguo zote kiunoni, hata za makabati yaliyovunjwa. Nilidhani ni kiburi. Siku moja alikuja kuchukua mashuka akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Mama Selestina, nikikosea kitu kimoja tu, watasema mweusi hawezi." Nikamjibu kwamba mashuka yamekauka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipo. Mji ulichukuliwa na serikali, lakini Lubunga ilibaki mikononi mwa waasi kwa miezi. Mto ukawa mpaka. Wanajeshi walikusanya mitumbwi yote ya upande wetu, wakaifunga kwa mnyororo. Walijenga kituo cha magunia ya mchanga chini ya shule, na mtumbwi wowote uliotoka ng'ambo waliupiga risasi bila kuuliza. Na Bernardo alikuwa ng'ambo. Vita vilimkuta depo, hakupata njia ya kurudi.

Kabla mitumbwi haijafungwa, mvuvi mmoja wa maporomoko alivuka kwa siri, akarudi na neno lake. Alinikuta nateka maji, akaongea bila kunitazama.

"Bwana yako anasema hivi. Kila siku anasikilizia kengele ya masista. Ikilia, anajua weye na mutoto muko wazima, na anakaa. Siku hailii, atajua wamewaua, na atakuja kuwachukua hata kama wanapiga bunduki. Si yeye peke. Kuna bapapa wengine kule, batoto yao iko hapa internat, wanalala hapa. Wote wamesema vile."

"Muambie akae," nikasema.

"Mi siwezi kuvuka tena, Mama."

Hivyo ndivyo neno lilivyobaki. Kengele ikilia, wakae. Ikinyamaza, waje. Mlango wa mawasiliano ulikuwa ule mmoja, nao ulikuwa mikononi mwa Papa Yowane na bega lake bovu. Nilimpikia uji wakati wa mvua ili asipate homa. Akidhani nampenda, shauri yake.

Kwaresima ikapita. Tulifunika sanamu kwa vitambaa vya zambarau, mimi nilivipiga pasi. Jumapili ya Matawi watoto walibeba matawi ya michikichi kuzunguka uwanja. Wanajeshi wa kituo walitazama kama ni silaha. Nilikuwa na magauni meupe ya watoto wa komunyo ya kwanza, na Veronika alikuwa mmoja wao. Wanga wa muhogo ulikuwa haba, kwa hiyo nilikuwa nachemsha tena ule ule uliobaki, nachuja, nachuja tena. Kichwa kilikuwa kwenye wanga.

Alhamisi Kuu misa iliwekwa alasiri, kwa sababu ya amri ya kutotoka jioni. Abbé Filipo, padri wetu mzee mwenyeji, alikuja kutoka parokia ya mjini na karatasi yake ya ruhusa. Akaimba Gloria, wimbo wa utukufu. Papa Yowane akagonga kengele kwa nguvu, wahudumu wakatikisa vile vikengele vidogo, halafu kimya. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma pamoja na wanawake wa jikoni. Nilimwona Papa Yowane kupitia mlango ulio wazi akiizungusha kamba ya kengele kwenye ndoano na kuifunga fundo, kama kila mwaka.

Ndipo nilipokumbuka ng'ambo.

Ninyi mnajua, lakini naandika kwa asiyejua. Kutoka Gloria ya Alhamisi Kuu mpaka Gloria ya Pasaka, kengele hailii. Kanisa linaomboleza. Mahali pa kengele wanatumia ubao wenye kinyundo cha mti, unautikisa unalia ka-ka-ka, na sauti yake haifiki hata jikoni. Miaka yote tulifanya hivyo na hakuna aliyekufa. Bernardo hakuwa mtu wa kukaa kanisani, aliingia ubatizo na harusi. Na kule ng'ambo, siku zile, nani alikuwa na kalenda? Nani alijua kwamba ni Alhamisi Kuu? Walijua tu kengele.

Baada ya misa nilimfuata Sista Adela kwenye sakristia. Alikuwa anakunja nguo za altare, anazikunja vibaya.

"Sista, kengele ya jioni lazima ilie."

"Mama Selestina, leo ni Alhamisi Kuu."

"Najua leo ni nini. Bwana yangu hajui."

Nikamweleza. Hakuwa amejua habari ya ng'ambo, maana hatukuwa tunamwambia mambo, na yeye hakuwa anauliza. Aliposikia, alikaa kitini, funguo zikalia. Halafu akasimama tena.

"Tangu Gloria mpaka Gloria. Sikuitunga mimi."

"Wakivuka, watapigwa risasi hapo chini, watoto wao wakitazama dirishani."

"Na wale wenye shule wakirudi, wakisikia tuligonga kengele Ijumaa Kuu, watasema nini?"

"Watasema bwana yangu iko hai."

Alisema atafikiri, kwamba Abbé anarudi kesho saa tisa kwa ibada ya Msalaba, tutamuuliza. Kesho saa tisa. Saa sita ya mchana ingekuwa imeshapita.

Jioni haikulia. Nilikaa uani natazama ng'ambo mpaka giza lilipofunika, kisha askari akanifokea niingie ndani.

Asubuhi ya Ijumaa Papa Yowane alikuja kwangu amevaa koti lake la sherehe. Naye alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Mama Vero, mi nimefikiri. Kanisa inakataza chuma. Mti haikatazwe. Ule ubao si ni mti? Lokole pia ni mti."

Lokole ni ile ngoma ya gogo lililochimbwa, wavuvi wanaipiga na maneno yanasikika mbali, mtu na mtu wanaulizana habari za samaki bila kuonana. Yowane alijua kuipiga. Nilivua aproni tukashuka kituoni kuomba ruhusa, maana kuipiga bila ruhusa ilikuwa kutafuta kifo. Koplo wa pale alikuwa kijana mnene mwenye msalaba shingoni, mtu wa mto wa chini, Kilingala mdomoni.

"Lokole?" akasema. "Lokole te! Mnataka kuita waasi waje kula mchana?"

"Ni kwa kusalimia familia, chef," akasema Yowane.

"Familia ipi iko ng'ambo? Mwenye familia ng'ambo ni nani hapa?"

Yowane akanitazama, akatazama maji. "Hakuna, chef. Ni desturi tu ya Ijumaa Kuu."

"Mimi nilibatizwa, mzee. Ijumaa Kuu desturi ni kunyamaza. Mkanyamaze."

Tukapanda tena. Kanisa lilikataza chuma, jeshi likakataza mti. Yowane alisema amebaki na mdomo, na mdomo wake una meno matano. Sikucheka.

Nilirudi kwenye magauni. Ningefanya nini kingine? Niliwasha makaa, nikaweka gauni la kwanza mezani, nikapiga. Mwanangu alikuwa shule upande wa pili wa ukuta, anafundishwa kujibu maswali ya komunyo. Saa sita ilifika. Nilijua kwa kivuli cha nguzo ya kamba. Nilisimama na pasi mkononi. Hakuna kitu kilicholia isipokuwa kunguru. Msaidizi wangu aliniambia gauni linanuka, na kweli, lilikuwa limeanza kuungua begani. Ni gauni moja tu nililounguza katika miaka yote pale. Nilishona ua la kitambaa juu ya doa, na mtoto aliyelivaa alifikiri amependelewa.

Abbé Filipo alifika kabla ya saa tisa. Tulimngoja langoni, mimi, Sista Adela, na wapishi wawili ambao watu wao pia walikuwa ng'ambo. Alitusikiliza akijipangusa vumbi.

"Sista," akasema, "ile sheria ya kengele ni sheria ya huzuni. Haikuwekwa ili kuongeza maiti."

"Basi niamuru, Abbé," akasema Sista Adela haraka. "Niamuru nigonge, nitagonga."

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi napita hapa na karatasi ya jeshi, mara moja kwa wiki. Nyumba ni yako. Nikikuamuru leo, kesho utamngoja nani?"

Ningempiga. Mzee mwenye hekima zake, na bwana yangu anafungua mtumbwi majanini! Sista naye akageuka, akaingia kanisani, nasi tukafuata kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Kikanisa kilijaa. Altare ilikuwa tupu, bila kitambaa hata kimoja. Abbé alianza kusoma Mateso. Mnajua mahali pale ambapo Bwana anakata roho, na watu wote wanapiga magoti, na hakuna anayesema neno. Tulipiga magoti. Watoto walikuwa kimya kabisa, hata wale wadogo.

Katika kimya kile tukasikia risasi. Moja. Halafu ya pili, kutoka kituoni chini.

Mtu alianza kulia upande wa wapishi. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Lakini Sista Adela, aliyekuwa mbele kwenye kiti cha mkuu, alisimama kabla yangu. Hakupita pembeni kama inavyotakiwa. Alipita katikati, mbele ya msalaba, bila kupiga goti, funguo zinagongana, watoto wote wanamtazama. Abbé Filipo aliinua kichwa, akamwona akitoka, akarudi kwenye kitabu chake na kusubiri.

Kengele ikalia.

Haikuwa kengele tuliyoijua. Sista hakuwahi kushika ile kamba maishani mwake. Alikuwa anavuta kama mwanamke anayevuta mbuzi. Ililia mara mbili pamoja, ikanyamaza, ikalia saba bila nafasi, ikagonga ukingo, ikalia tena. Papa Yowane alikuwa pembeni yangu magotini na alishika masikio. "Ataivunja," akasema, "Mungu wangu, ataivunja."

Nilikimbia uani. Kutoka kwenye kamba zangu niliona mto. Katikati, chini kidogo, mtumbwi mmoja wenye watu, weusi juu ya maji yanayong'aa, wanapiga kasia. Maji yaliruka mbele yao mahali risasi ilipoanguka. Kengele inaendelea kule nyuma kama sufuria zinazoanguka kwenye ngazi. Halafu mtumbwi ulisimama. Uliyumba. Nilifikiri wamepigwa. Ukageuka pua yake, polepole, ukarudi Lubunga.

Risasi zilikoma. Sikujua kwa nini mpaka nilipogeuka: koplo na watu wake walikuwa wameacha magunia yao wanapanda mbio kuja kwetu na bunduki. Nilirudi nao sambamba, mimi kwa uani, wao kwa lango.

Sista Adela alikuwa bado ameshika kamba. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka. Mikono yake ilikuwa imechunwa.

"Nani ametoa ishara?" koplo akapiga kelele. "Nani anaita adui?"

"Hakuna ishara," akasema Sista. "Tuko katika sala."

"Usinidanganye! Nimeshasema asubuhi, nilibatizwa. Ijumaa Kuu kengele hailii. Mtoto mdogo anajua! Kengele ikilia Ijumaa Kuu ni ishara!"

Hapo nikafikiri tumekwisha. Aliyekuwa na haki kwa katekisimu ni yule mwenye bunduki. Watoto walikuwa wamejazana mlangoni, Veronika mbele kabisa, kwa sababu ana tabia yangu. Lakini Sista Adela aliongea kwa ile sauti yake ya kufundishia hesabu.

"Unasema kweli, koplo. Hailii. Nimevunja sheria ya Kanisa, mbele ya wanafunzi wangu. Nimesikia risasi katikati ya Mateso na nimeogopa, nikashika kamba. Nitaungama. Nitaungama kwa Abbé yule pale, si kwako. Sasa toa viatu vyako kwenye ngazi ya kanisa, au vua kofia uingie upige magoti na wengine."

Koplo alimtazama Abbé, ambaye alikuwa amekuja mlangoni na kitabu kimefungwa, kidole ndani. Abbé alisema tu, "Bado hatujaubusu Msalaba, mwanangu." Kijana alisimama pale kifua kinapanda na kushuka. Akavua kofia. Hakuingia, lakini alivua kofia, na watu wake wakaishiwa nguvu. Walishuka wakitukana kwa Kilingala. Tuliingia tukaendelea na ibada.

Jumamosi kengele ililia kwa Gloria, mkono wa Yowane, na kikohozi chake mwishoni. Watoto walivaa magauni yao Jumapili. Veronika alikula Mwili wa Bwana kwa mara ya kwanza na kunilalamikia kola inamkuna. Tulikula samaki na lituma, ndizi za kuponda. Watu walisema Pasaka imekuwa njema. Mimi nilikuwa naona mtumbwi ukiyumba. Sikujua kama alikuwa ndani yake, na kama alikuwa ndani, sikujua kwa nini uliyumba.

Wiki zilikwenda. Nilifua. Sitawadanganya kwamba kazi inasahaulisha. Inashika mikono tu. Kila kengele ilipolia saa sita nilitoka uani, nikasimama mahali ambapo mtu mwenye macho mazuri ng'ambo angeona mwanamke. Hakuna aliyepunga mkono. Siku moja moshi ulipanda Lubunga upande wa reli, na wanajeshi wa kituo wakashangilia.

Hatimaye jeshi lilivuka, Lubunga ikachukuliwa, na bac, ile feri ya mto, ikaanza kubeba watu kuja upande wetu, wembamba, na vifurushi. Nilikwenda bandarini siku ya kwanza, ya pili, mpaka Sista Adela akaniambia niende tu, yeye atakunja mashuka. Aliyakunja vibaya. Sikumwona bwana yangu, wala aliyemwona. Nikaacha kwenda.

Siku aliyokuja sikuwa bandarini. Nilikuwa napiga pasi mapazia ya bweni. Langoni Papa Yowane alimwona mtu amenyoa kichwa kabisa, amevaa shati lililopinduliwa, kama mtu wa matanga, na hakumtambua. Yowane alinisimulia mara nyingi mno, kwa hiyo najua kila neno.

"Papa, unatafuta nani?"

"Nimekuja kuuliza mahali muliwazika watu wa chumba cha kufula. Mama moja na mutoto wake. Nataka kuona tu pahali."

"Mama gani?"

"Selestina."

Yowane akamtazama vizuri. "Bernardo? Selestina hakuzikwa. Selestina iko napiga pasi. Iko na kasirani leo, pita pole pole."

Alisimama mlangoni pangu. Nilimwona kichwa kile kinang'aa, masikio makubwa, na nilijua ni yeye kwa masikio. Sikuangusha pasi. Mama Tekla hakunifundisha kuangusha pasi. Niliiweka kwenye kigae chake.

Alinieleza akiwa amesimama vile vile, hataki kuingia, kama chumba kitavunjika. Ijumaa ile saa sita walisikiliza, hakuna kengele. Walikuwa wamekosa ya jioni pia. Walingoja, labda imechelewa, mpaka karibu saa tisa baba watano wakachukua mtumbwi uliofichwa majanini. Katikati ya mto risasi zikaanza, wakasema twende tu, watoto wameshakufa, tufe nao. Ndipo kengele ikalia. Lakini haikuwa Yowane. Haikupumzika, haikukohoa. Mzee kati yao akasema, Yowane amekufa, wale wanaogonga ni wanajeshi, wanatucheka, wanataka tufike karibu. Ni mtego. Wakageuza.

Kwa hiyo iliwarudisha kwa sababu iligongwa vibaya. Ingegongwa vizuri pia ingewarudisha, lakini wangerudi wakicheka. Jioni ile ile wakaogopa jeshi litavuka kuwafuata, wakakimbia kwa njia ya reli, mbali ndani ya msitu, mahali ambapo kengele ya Jumamosi haikuwafikia. Huko walifanya matanga ya watoto na wake zao. Walinyoa. Alitulilia, mimi na Veronika, tangu Pasaka.

Siku nyingine nilimweleza Sista Adela mambo haya. Alikaa juu ya mfuko wa nguo chafu, akacheka mpaka machozi, akasema, "Mama Selestina, hata dhambi sijui kuifanya vizuri." Tangu siku hiyo tuliongea.

Lakini siku ile tulikuwa sisi wawili tu, mimi na mwanamume aliyenizika. Nikamuuliza, maana nilitaka kujua, "Kule kwenye matanga walisemaje juu yangu?"

Alipapasa kichwa chake. "Waliniuliza, bibi yako alikuwa mutu wa namna gani. Nikasema, alikuwa mukali."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kisha sikuweza tena kuongea."

Nikamwambia aketi, amekonda. Nikavua aproni, nikavuka uwanja mpaka darasani, katikati ya somo la Sista mwenyewe, nikamshika mwanangu mkono nikamtoa. Sikuomba ruhusa kwa mtu.